Nguo za Chini ya Valizi

Hagsätra, Stockholm
Alhamisi, 11 Aprili 2024

Mulamu Concessa,

Léontine amekufa. Jumanne asubuhi, hospitali. Mimi nilikuwa hapo. Heshima alikuwa shule.

Wewe ulisikia kwa mchungaji. Mimi ndiye nilimwomba akupigie, juu simu siwezi. Wewe utalia, mimi nitanyamaza, hakuna atakayejua kama mwingine bado yuko. Lakini wewe ni mdogo wake, lazima usikie kwa mume wake. Ndiyo maana naandika. Shule niliacha mwaka wa nne, usicheke maandishi.

Ni ile kansa ya tumbo. Mwisho hakuteseka. Sisemi hivyo ili nikutulize. Alilala tu, kisha pumzi ikaisha. Mbele ya kulala aliniuliza kama nimetoa takataka nyumbani. Nikasema nimetoa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho, mengine hakuna. Ukiulizwa na watu wa kanisa huko, sema hivyo hivyo, usiongeze Mungu.

Mazishi bado. Hapa maiti inangoja wiki tatu, nne, na wanakuambia ni kawaida. Njoo.

Heshima hajalia. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Maneno mafupi.

Édouard


Apeldoorn, Uholanzi
12 Mei 2024

Baba Heshima,

Nimefika salama, treni ilichelewa Ujerumani lakini nimefika. Gerrit anakusalimu. Mwanetu Ludovic naye, ingawa ana miaka kumi na minne na salamu zake ni kuinua kidevu tu kama mbuzi aliyeona gari.

Nikuambie ukweli, mulamu wangu. Pale makaburini nilikukasirikia. Watu wote wanalia, mama wa kwaya wanajitupa chini na nguo zao nyeupe, wewe umesimama kama nguzo ya taa. Nikasema moyoni, dada yangu aliolewa na ukuta. Kisha ukavua koti. Ukamwambia yule kijana wa makaburi akuletee koleo, na yeye anakueleza kwamba mashine itafukia mkishaondoka, ndivyo kazi ilivyo, na wewe unanyoosha mkono tu bila kusema. Ukafukia peke yako mpaka juu. Ukapigapiga udongo kwa mgongo wa koleo kama unavyopiga mawe yako ya barabara. Mchungaji alibadilisha mguu mara ngapi sijui! Hasira yangu iliishia hapo.

Sasa mambo mawili.

La kwanza, Heshima. Nilikaa siku tano kwenu. Ninyi wawili mnakula mkiangalia sahani. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kuishi hivyo. Mlete kwangu kiangazi hiki. Kama huwezi kuja wewe, mtume na ndege, wafanyakazi wa ndege wanajua kumshika mtoto mkono.

La pili, nguo za Léontine. Niliona kabati limefungwa, sikuuliza. Usimpe mtu. Usipeleke kanisani. Kwetu sisi nguo za marehemu zina njia yake, na kilio hakijaisha mpaka zipite kwenye njia hiyo. Tutaongea.

Mimi, mdogo wa mke wako,
Concessa


Hagsätra
14 Juni 2024

Mulamu Concessa,

Heshima anakuja Jumanne. Shule imefunga. Mimi siwezi kuja. Hapa kiangazi ndicho kipindi cha kuvunja barabara. Udongo haujaganda, mji wote unachimbwa. Tuko tunapanga mawe karibu na stesheni kubwa, watalii wanatupiga picha. Ivan, mkubwa wetu wa kazi, amesema likizo baadaye.

Mpe chakula. Jibini hali. Samaki anakula, ila mtoe miba, anadanganya kwamba anajua kutoa. Akinyamaza usimlazimishe.

Ulisema nguo za Léontine nisimpe mtu. Basi chukua wewe. Nimeziweka zote kwenye valizi ya Heshima, chini. Za mtoto ziko juu.

Anarudi tarehe kumi na mbili ya Agosti, tiketi iko mfukoni mwa mbele.

Édouard


Apeldoorn
23 Juni 2024

Baba Heshima,

Mtoto amefika, amekula, amelala, ameamka, amekula tena. Jibini amekula! Ludovic alimwambia kwamba watu wa Stockholm wanaogopa jibini la Uholanzi, basi akakata kipande kama tofali akamaliza mbele yake.

Nimefungua valizi. Nimetoa nguo za Heshima, kisha nikafika chini. Barua yako nilikuwa nimeisoma, lakini kusoma si kama kuona. Vitenge vyote. Hata kile cha bluu chenye miavuli. Hata kilemba. Umevikunja wewe mwenyewe, najua, Léontine hakuwahi kukunja vizuri hivyo.

Nimekaa sakafuni muda mrefu. Heshima alisimama mlangoni ananiangalia. Nikamwita, nikamweleza kama mtu mkubwa, kwa sababu ana haki ya kujua. Alikubali kwa kichwa.

Mulamu, sikujua kama moyo wako unaweza jambo kubwa namna hii. Kwetu haliulizwi, basi nami sitakuuliza. Nimepokea kwa mikono miwili.

Concessa


Hagsätra
2 Julai 2024

Mulamu,

Asante kwa habari. Usinisifu. Ni jambo dogo. Vilikuwa vinakaa bure hapa.

Joto. Juzi jiwe moja lilinipiga kidole, ukucha umetoka. Hakuna shida.

Nyumba iko safi. Nakula kwa Mama Elieshi wa ghorofa ya kwanza siku ya Jumapili, siku zingine mkate. Mwambie Heshima maua yake ya dirishani nayamwagilia. Moja limekufa. Sikulifanyia kitu, lilikufa tu.

Anaandika? Kwenye simu ananitumia picha ya baiskeli, maneno hakuna. Baiskeli ya nani?

Édouard


Apeldoorn
11 Julai 2024

Baba Heshima,

Umeandika "jambo dogo". Umeandika "vilikuwa vinakaa bure". Nilirudia kusoma, nikaikunja barua, nikaiweka mahali Heshima hafiki. Kila mwanamume ana namna yake ya kubeba, na wewe yako ni kusema halina uzito. Gerrit alisema nisikujibu nikiwa na hasira, basi nimengoja wiki.

Baiskeli ni yake. Hapa mtoto bila baiskeli ni kama mtoto bila miguu. Ludovic anamfundisha kwenye njia ya mfereji. Juzi aliingia kwenye mfereji mpaka kiunoni, Ludovic akamwambia, "Ninyi watu wa Stockholm mnaendesha baiskeli chini ya maji?" Akamrushia kiatu. Baba Heshima, alicheka! Kicheko kama cha Léontine, kile cha kupiga paja.

Chumba cha juu tumekipaka rangi ya manjano, yeye ndiye alichagua. Amempa Gerrit jina la Babu Bustani, juu Gerrit anaongea na nyanya zake. Gerrit anapenda, anajifanya hapendi.

Mambo ya karatasi tutaongea ukipata nafasi. Hakuna haraka.

Concessa


Apeldoorn, 20/7

Hej Baba,

Mama mdogo anasema niandike Kiswahili, na ananisaidia maneno, lakini sasa amekwenda dukani kwa hiyo hii naandika peke yangu. Samahani makosa.

Mimi niko mzima. Naweza kuendesha baiskeli bila mkono mmoja.

Nataka kuuliza. Je, nguo zangu za baridi utatuma na posta au utaleta? Buti ni ndogo tayari, usitume buti. Na kile kitabu changu cha farasi kiko chini ya kitanda.

Mama mdogo anasema ulifanya jambo zuri sana na nisikuulize. Anasema kwao baba akifanya hivyo hasemi. Kwa hiyo siulizi. Shule hapa inaanza Agosti mwisho, Babu Bustani alinipeleka kuiona, mwalimu ni mrefu sana.

Chumba changu cha Hagsätra utafanya nini nacho? Unaweza kuweka viatu vya kazi huko, haviwezi kunuka koridoni tena.

Sikasiriki.

Heshima


Hagsätra
26 Julai 2024

Concessa,

Leo sikwenda kazini. Nilimwambia Ivan tumbo.

Shule gani? Nguo za baridi za nini? Nani alisema simtaki mtoto wangu?

Mimi nilituma mtoto kwa kiangazi. Tiketi ya kurudi niliweka mfukoni mwa mbele, nilikuandikia. Nilimpa viatu viwili tu, mtu anayempeleka mtoto milele anampa viatu viwili? Wewe umepaka chumba rangi, umenunua baiskeli, mume wako amempeleka shuleni, na mimi huku namwagilia maua.

Nieleze. Andika kila kitu. Usilie kwenye karatasi, andika.

Édouard


Apeldoorn
31 Julai 2024

Mulamu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaita Gerrit anishike bega. Sasa naandika kila kitu, na silii.

Kule kwetu juu milimani, mwanamke akifa, nguo zake zinakaa nyumbani kwa mume mpaka kilio kiishe. Siku hiyo dada zake wanakuja, wanazifua hapo hapo, kisha zinagawanywa. Ndiyo njia niliyokuambia tutaongea. Lakini kama mume anazitoa kabla, na anazitoa ndani ya mzigo wa mtoto, chini, bila kusema, maana yake ni moja. Amefunga nyumba. Mtoto amerudi upande wa mama yake. Hakuna anayemuuliza sababu, kwa kuwa kumuuliza ni kumwaibisha. Na tiketi, mulamu, nilidhani watu wa ndege hawauzi tiketi ya kwenda peke yake. Nilimwona mjomba wangu akifanya hivyo na watoto wa mke wake wa kwanza. Aliweka mzigo mlangoni kwa bibi, akanywa maji, akaenda.

Nilipokuta vitenge chini ya nguo za Heshima, nilimwona mjomba.

Na wewe ukaandika jambo dogo!

Ninyi watu wa ziwani hamna desturi hii? Kweli Léontine hakuwahi kukuambia? Miaka kumi na tatu ya ndoa, mlikuwa mnaongea nini, bei ya samaki wa ndakala?

Samahani. Hilo lilitoka.

Sasa sikiliza jambo la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Nilipomweleza Heshima siku ile, hakushangaa. Hicho ndicho kinachonitesa. Mtoto angeshangaa, angelia, angesema Baba hawezi. Yeye alikubali kwa kichwa kama mtu anayesikia habari anayoijua. Jana nimemwambia kwamba tulikosea, kwamba baba yake anamtaka. Unajua alisema nini? "Anajuaje? Hasemi na mimi."

Sitamshika. Tiketi yake iko. Lakini mtoto akirudishwa na ndege kama alivyokuja, atajua tu kwamba watu wazima wamekosea mzigo, wameurudisha kwa mwenyewe. Njoo umchukue. Njoo na kilio tukimalize, mimi na wewe. Nguo nimeziweka kama ulivyozikunja, sijagusa hata moja.

Concessa


Hagsätra
5 Agosti 2024

Concessa,

Kwetu hatuna hiyo. Kwetu nguo zinachukuliwa na anayeweza kuvaa. Hakuna ufundi.

Wewe una mashine ya kushona. Heshima anakua. Nilitaka ukate vitenge vya mama yake upate sketi zake, na blauzi. Sikuandika juu nilidhani mwenye mashine haambiwi. Kabati lile nilikuwa sifungui. Siku nilipofungua nilifanya haraka.

Léontine alikuwa anaongea, mimi nilikuwa nasikiliza. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Alikuwa anaongea na mtoto kwa ajili yetu wawili. Sikujua kwamba akienda, na sauti yangu inaenda.

Nimemwambia Ivan ukweli. Ameguna, amesema nenda, mawe hayakimbii.

Nafika Ijumaa na basi. Usimwambie Heshima avae vizuri. Mwambie Ludovic nitaangalia breki za hiyo baiskeli.

Édouard


Hagsätra
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mulamu Concessa,

Tumefika jana. Heshima alilala kwenye basi Denmark yote, kichwa kwenye mkono wangu, mkono ukafa ganzi, sikuutoa.

Naandika juu ya siku ya kufua. Wewe ulikuwa hapo, lakini si wakati wote.

Unakumbuka Gerrit alivyotushangaa. Mabeseni matatu uani, na mashine nzuri iko jikoni. "Lakini mashine iko!" Alirudia mpaka ukamfukuza akaongee na nyanya. Nami nilitaka kumuunga mkono, nikakunja mikono ya shati. Kisha ukasema sharti lenu, kwamba anayefua kitambaa lazima aseme kilivaliwa wapi, na asiyejua hafui. Nikasema moyoni hawa watu wa juu wanatafuta namna ya kuniua.

Wewe ulisema vya zamani. Kile cha harusi moja ya kwenu nyumbani, kile alichovaa mlipokimbia. Mimi nikasema kile cha miavuli, alivaa siku tulipopata funguo za Hagsätra, akacheza mbele ya lifti, jirani akafungua mlango akafunga. Heshima aliinua macho. Hakuwa anajua. Nikasema kile cha njano, siku ya ubatizo, kilichomwagikiwa na mafuta ya mbuzi, doa bado liko. Nikasema na kingine. Nadhani sijaongea hivyo tangu nizaliwe. Koo liliniuma kama nimekunywa vumbi la saruji.

Kisha ukaingia ndani kutafuta vibanio vya kuanika. Ulichelewa. Hukuona kilichotokea. Uliporudi ulitukuta tumelowa wote wawili, beseni limeinama, ukauliza, hakuna aliyekujibu. Sasa nakujibu.

Kilibaki kile cha kijani chenye samaki. Nilikishika, sikujua. Nikageuza, nikatafuta kichwani, hakuna. Nikakiweka kando, nikamwambia mtoto tumngoje mama mdogo, labda anajua. Heshima akasema, "Mama mdogo hajui." Akakichukua. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba mama yake alikivaa alipokuja shuleni kwenye mkutano wa wazazi, mwaka juzi. Mimi nilikuwa kazini. Watoto wengine walicheka, wakasema mama yako amevaa pazia. Na Heshima akamwambia mama yake asivae tena shuleni. Léontine hakukivaa tena, si shuleni tu, popote. Ndiyo maana sikijui.

Akaanza kukifua. Akakifua sana, namna ya kupasua. Ndipo alipolia. Tangu Aprili, ndiyo mara ya kwanza. Sikujua nifanye nini. Niliingiza mikono kwenye beseni nikakifua upande mwingine. Tulikuwa tunavutana hapo kama wajinga, maji yakamwagika yote.

Akaniuliza, "Ulinituma, au ulituma nguo?"

Nikasema nilituma nguo.

Akasema, "Basi kwa nini hukuandika?"

Nikasema sikujua kama inahitajika kuandikwa.

Akaniangalia kama Léontine alivyokuwa ananiangalia nikirudi na chumvi nilipotumwa sukari. Akasema atarudi, lakini kila jioni nilete neno moja kutoka kazini. Moja. Si "sawa", si "nimechoka". Nikasema nitajaribu. Akasema hapana, hilo si jibu. Nikasema nitaleta. Ndipo ulipotoka na vibanio.

Kile cha kijani ndicho ulichomkatia sketi. Hukujua kwa nini alikitaka hicho na si kile cha miavuli kilicho kizuri. Sasa unajua. Kesho anakwenda nacho shuleni, siku ya kwanza. Nimemuuliza kama ana uhakika. Amesema wakicheka atawaambia watu wa Stockholm wanaogopa pazia.

Viwili ulivyobaki navyo ni vyako. Vingine viko kabatini, nimeacha mlango wazi, harufu ya sabuni yenu imejaa chumba.

Concessa. Ulinikosea na mimi nilikukosea. Lakini wewe ulifungua mlango kwa mikono miwili na hukuuliza. Wengi wangeuliza. Chumba cha manjano usipake rangi nyingine. Kiangazi kingine tutakuja wote wawili, na mimi nitapanga upya yale mawe ya mbele ya nyumba yako, yule aliyeyapanga alikuwa na haraka. Mwambie Gerrit asiyaguse.

Ludovic mwambie breki ya nyuma bado ni mbaya.

Heshima yuko jikoni anapika zile ndakala ulizotufungia. Anaziunguza. Ananiita Kiswahili, kwa kelele. Naenda kula.

Kesho narudi kazini.

Édouard